Kabla ya Kununua Taa ya Tangi la Matumbawe

Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu inajibu swali lililotoka Mpanda, mkoani Katavi. Muulizaji ni baba wa watoto watatu. Alikwenda Unguja kwa shughuli za biashara, na katika ukumbi wa nyumba ya wageni aliyofikia aliona tangi la kioo lililojaa maji ya bahari, ndani yake matumbawe hai ya rangi ya zambarau na kijani, na samaki wadogo wakipenya kati yake chini ya taa yenye mwanga wa samawati. Amerudi nyumbani na azma ya kuweka tangi kama lile sebuleni. Amekwisha kuulizia bei za taa, akaona ziko za aina nyingi na bei zake zinatofautiana mno. Swali lake ni fupi: anunue taa ipi?

Mwisho wa barua yake ameongeza maneno machache ambayo kwetu sisi ndiyo mazito zaidi. Anasema mama watoto hajaridhika, kwa kuwa fedha zinazotajwa zilikusudiwa kununulia paneli ya sola na betri, ili watoto waweze kudurusu masomo ya shule na ya madrasa usiku umeme unapokatika.

Tutayajibu yote mawili. Tunaanza na taa, maana mtu akishaelewa kazi ya taa katika tangi la matumbawe, mzozo wa sebuleni nao utakuwa umepata nusu ya suluhu yake.

Kwa matumbawe, mwanga ni chakula

Wahenga wetu wa pwani wanasema: usione vyaelea, vimeundwa. Tangi lile la Unguja laonekana kama pambo, lakini nyuma ya uzuri wake kuna kazi nyingi, na kazi kubwa kuliko zote ni ya taa.

Tumbawe huonekana kama jiwe au kama ua, nalo si jiwe wala si ua. Ni kundi la wanyama wadogo sana walioshikamana, kila mmoja na mdomo wake na minyiri yake, nao hujenga kiunzi kigumu cha chokaa chini yao. Ndani ya nyama ya wanyama hao Mwenyezi Mungu ameuweka mwani mdogo usioonekana kwa macho matupu. Mwani hupata makazi salama na virutubisho, na kwa nguvu ya mwanga hutengeneza sukari ambayo sehemu yake kubwa humwendea mwenyeji wake. Matumbawe mengi ya maji ya juu hupata sehemu kubwa ya chakula chao kwa njia hiyo.

Kwa hiyo, taa katika tangi la matumbawe haiwekwi ili wageni waone vizuri. Hiyo ndiyo jua la viumbe wale, na ndiyo shamba lao. Ikiwa hafifu, hawafi siku ile ile, bali hudhoofu kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mpaka mwenye tangi anajikuta na mifupa meupe ya chokaa ndani ya maji ya chumvi. Ikiwa kali kupita kiasi, nayo huwadhuru, hasa wakiwekwa chini yake ghafla.

Ushirika huo wa mnyama na mwani ni imara, lakini una mpaka wake. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe ya sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na ya Mafia na Unguja, yaliutoa mwani wake, yakageuka meupe, na mengi yakafa. Ikiwa bahari nzima iliweza kutetereka kwa nyuzi chache za joto, mtu anaweza kupima jinsi tangi la lita mia mbili au mia tatu linavyohitaji uangalizi.

Mambo matatu ya kupima

Anayechagua taa ya matumbawe hupima mambo matatu: rangi ya mwanga, nguvu yake na muda wake.

Kwanza, rangi. Maji humeza nuru nyekundu mapema, na kadiri mtu anavyozama ndivyo nuru ya buluu inavyobaki peke yake. Mpiga mbizi akishafika mita 10 hivi, kitambaa chekundu alichovaa huonekana cha kijivu. Mwani uliomo ndani ya matumbawe umeumbwa kuitumia zaidi nuru hiyo ya buluu. Ndiyo maana taa za matangi ya matumbawe huwa za samawati. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: mwanga wa jua la mchana huwa kiasi cha kelvini 5,500 hadi 6,500, ilhali taa nyingi za matumbawe huanzia kelvini 10,000 na kufika 20,000. Balbu ya manjano ya chumbani, yenye kelvini 2,700 au 3,000, haiwafai kabisa.

Pili, nguvu. Hapa wanunuzi wengi huponzwa na maandishi ya kwenye boksi. Boksi hutaja wati, na wati ni umeme unaoliwa, wala si mwanga unaotoka. Boksi jingine hutaja lumeni, nazo zimepimwa kwa jicho la mwanadamu, ambalo huona vyema kijani na manjano kuliko buluu. Wafugaji wa matumbawe hutumia kipimo kiitwacho PAR, ambacho huhesabu ule mwanga unaoweza kutumiwa na mimea na mwani. Matumbawe laini huridhika na PAR ya kiasi cha 50 hadi 150. Matumbawe magumu yenye matawi huhitaji 200 hadi 350 pale hasa yalipokaa, si pale juu karibu na taa. Kila sentimita ya kina hupunguza mwanga, hivyo taa iliyotosha tangi la kina cha sentimita 30 yaweza kushindwa katika tangi la sentimita 60. Muuzaji asiyeweza kueleza taa yake inatoa PAR kiasi gani kwa kina gani, huyo anauza pambo.

Tatu, muda. Matumbawe huhitaji mwanga kwa saa 8 hadi 10 kila siku, bila kukosa, kisha giza la kweli usiku. Huwashwi saa 5 leo na saa 14 kesho kwa kuwa kuna wageni. Kwa sababu hiyo taa hufungwa kwenye swichi ya saa inayowasha na kuzima yenyewe.

Tufanye hesabu ya uniti

Sasa tuitazame LUKU. Tuseme tangi ni la lita 300, na taa zake za LED ni za wati 200, kiwango cha kawaida kwa matumbawe yapendayo mwanga mkali. Zikiwaka saa 10 kwa siku, zinakula uniti 2. Kwa siku 30 ni uniti 60. Tangi hilo haliwezi kuishi bila pampu za kuzungusha maji usiku na mchana. Zikiwa za wati 40 kwa jumla, kwa mwezi zitakula karibu uniti 29. Tumefika uniti 89, na hatujahesabu kipasha maji, ambacho miezi ya Juni na Julai, usiku wa Mpanda unapokuwa na baridi, kitalazimika kufanya kazi ili maji yasishuke chini ya nyuzi 24.

Familia nyingi ziko katika daraja la wateja wadogo wa majumbani, wanaopata bei nafuu kwa sharti la kutozidi uniti 75 kwa mwezi. Tangi hili peke yake linauvuka mpaka huo, kabla friji haijawashwa na kabla pasi haijashika moto. Hapo gharama haiongezeki kwa zile uniti za tangi tu, bali kila uniti iliyozidi mpaka hununuliwa kwa bei ya juu.

Kisha kuna kukatika kwa umeme. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea majenereta ya dizeli, na wakazi wake hawahitaji kufundishwa maana ya giza. Umeme ukikatika kwa siku moja, matumbawe hayafi kwa kukosa mwanga, kwani hata baharini kuna siku za mawingu mazito. Kinachoua haraka ni maji kusimama na hewa kwisha ndani yake, jambo linaloweza kutokea kwa saa chache tu. Kwa hiyo mtu mwenye betri moja asiifunge kwenye taa. Aifunge kwenye pampu.

Tuongeze yaliyobaki. Maji ya tangi hilo hutengenezwa kwa chumvi maalumu, kiasi cha gramu 35 kwa kila lita, wala chumvi ya jikoni haifai. Matumbawe yenyewe yangesafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani. Wala si mali ya kuokotwa. Katika hifadhi za bahari kama ile ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, matumbawe yanalindwa kisheria, na biashara ya matumbawe magumu kati ya nchi na nchi inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa wa CITES. Anayeletewa tumbawe bila karatasi yoyote ajiulize limetoka wapi, maana huenda limebanduliwa katika mwamba ambao ndio mazalio ya samaki wa ndugu zetu wavuvi.

Jibu letu kuhusu tangi la matumbawe Mpanda, basi, ni hili: taa ifaayo ipo, lakini taa hiyo peke yake haitoshi kumweka hai kiumbe yule. Asiye na uhakika wa umeme, wa maji na wa mtaalamu wa karibu asiianze safari hiyo.

Wenye elimu ya mwanga wako Karema na Ikola

Je, tumwambie ndugu yetu aache, na watoto wabaki na hamu yao? La hasha. Tunamwomba ageuze uso, badala ya kutazama mashariki kwenye bahari atazame magharibi. Umbali wa safari ya siku moja tu kutoka Mpanda, mkoa wa Katavi unagusa Ziwa Tanganyika.

Watu wa Karema na Ikola wana elimu ya mwanga na samaki tangu zamani. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa hutoka na karabai, na siku hizi na taa za sola, wakaziwasha juu ya maji. Dagaa huvutwa na mwanga, na migebuka huwafuata dagaa. Mbalamwezi ikijaa, taa ya mvuvi hushindwa na mwezi, na vyombo vingi hubaki ufukoni. Mvuvi hamuulizi mtu taa ipi inapendeza. Anajua samaki gani anamtafuta, na samaki huyo ndiye anayemchagulia taa. Kanuni hiyo hiyo ndiyo tunayoitaka sebuleni.

Ziwa hilo lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal ya Urusi, na umri wake ni mamilioni ya miaka. Katika miamba ya pwani zake wanaishi samaki wa rangi, wa jamii moja na perege na sato, zaidi ya spishi 200, na walio wengi hawapatikani ziwa jingine lolote duniani. Tangu miaka ya 1970 samaki hao wamekuwa wakisafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya na kwingineko. Leo kuna mzee wa Kijerumani mwenye tangi sebuleni kwake, na ndani yake samaki mweusi mwenye mshipi mpana wa manjano, ambaye wafugaji humwita kwa jina la kijiji chetu: Ikola. Yuko mwingine mkubwa, mwenye mistari myeusi na nundu kichwani, auzwaye kwa jina la Mpimbwe, rasi iliyo kusini mwa Karema. Watoto wa Berlin wanajua majina ya pwani hiyo ambayo pengine mtoto wa Mpanda hajaiona hata siku moja.

Huo ndio mwamba wetu. Hauna matumbawe, lakini una mawe, mchanga, makombe ya konokono na samaki ambao wanasayansi wa dunia nzima huja kuwasoma.

Taa kwa samaki wa Tanganyika

Samaki hali mwanga kama tumbawe. Huhitaji mwanga wa kutofautisha mchana na usiku, na kumwezesha kuona chakula na wenzake. Kwa hiyo taa yake ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Hata hivyo, hawako sawa wote.

Wako wala mwani, kama yule wa Ikola. Hawa huishi kwenye maji ya juu, penye jua kali, na kazi yao kutwa ni kukwangua ukoka wa kijani uliotanda juu ya mawe. Kwao taa yenye nguvu kiasi ina faida, kwani huotesha mwani juu ya mawe ya tangi, nao wakapata cha kukwangua. Ni wagomvi wakiwa wachache, hivyo hufugwa kundi la 12 au zaidi, katika tangi la lita 200 na kuendelea, nao hulishwa vyakula vya mimea.

Wako wa vilindi, kama yule mwenye nundu. Huyu hukaa chini ambako nuru ni hafifu, na taa kali humfanya ajifiche na kupoteza rangi. Huzidi sentimita 30 akikua, na huhitaji tangi kubwa, la lita 400 au zaidi. Hatumshauri mwenye kuanza.

Kisha wako wadogo waishio ndani ya makombe ya konokono, na baadhi yao hawazidi sentimita 5. Kila mmoja huwa na kombe lake, hulichimbia mchangani, hulinda mlango wake, na huwalea humo watoto wake. Tangi la lita 80, lenye mchanga mwembamba na makombe matupu kumi na tano au ishirini, laweza kuwa na ukoo mzima. Mwanga wao ni wa wastani tu. Kwa familia inayoanza, na hasa yenye watoto, tunawapendekeza hawa. Mtoto atakayewaona wazazi wale wakimfukuza samaki aliye mkubwa kuliko wao ili kulinda vifaranga vyao, atakuwa amepata somo la ulezi lisilohitaji fimbo wala ubao.

Kuhusu taa yenyewe, si lazima kuagiza kutoka nje. Taa ndefu ya LED nyeupe ya kelvini 6,500, ile inayoitwa mwanga wa mchana katika maduka ya vifaa vya umeme, inatosha. Kwa tangi la lita 80, wati 8 hadi 10. Kwa la lita 200, wati 20 hadi 30. Anayependa ule usamawati wa ziwani aongeze taa ndogo ya buluu pembeni, akijua kuwa hiyo ni ya macho yake, si ya samaki.

Tuirudie hesabu. Taa ya wati 20 kwa saa 8 ni uniti 4.8 kwa mwezi. Chujio na pampu ya hewa ya wati 15, usiku na mchana, ni uniti 10.8. Jumla haifiki 16. Hii ni chini ya moja ya tano ya uniti 89 tulizozihesabu kwa matumbawe, na ni mzigo ambao paneli na betri ya nyumbani yaweza kusaidia kuubeba.

Maji ya ziwa hilo ni magumu na yenye magadi, pH yake ikiwa kati ya 8.6 na 9.2. Maji ya bomba la mjini yapimwe kwanza, na mawe ya chokaa yakiwekwa ndani husaidia kuyaweka sawa. Maji yenye klorini yaachwe wazi siku nzima kabla ya kutumiwa. Samaki wenyewe wapatikane kwa njia ya halali: mtu aende kwanza kwa ofisa uvuvi wa halmashauri aulize kibali kinachohitajika. Na samaki wa tangi asimwagwe mtoni wala bwawani hata akichokwa, kwani samaki mgeni huweza kuwaharibia wenyeji maji yao.

Namna ya kuiweka na kuitumia

Tangi lisiwekwe mkabala na dirisha lenye jua. Jua la dirishani halizimiki kwa swichi. Huotesha mwani kwenye vioo vyote, na chini ya paa la bati hupandisha joto la maji.

Taa iwashwe kwa swichi ya saa. Kwa nyumba ya Mpanda tunapendekeza kuanzia saa 7 mchana, karibu na adhuhuri, hadi saa 3 usiku, baada ya isha. Hizo ni saa 8 kamili. Watoto wanaporudi kutoka shuleni na madrasa hukuta tangi linang'aa, na familia inapolala, samaki nao wanapumzika. Samaki hana kope za kufumba, hivyo anayemwachia taa usiku kucha anamnyima usingizi. Na sisi tuna mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani ziwe juu yake, yaliyomo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, ya kuzima taa tunapokwenda kulala kwa kuhofia moto. Adabu ile ya nyumba inafaa hata tangini.

Taa isiwashwe ghafla chumba kikiwa giza totoro, kwani samaki hushtuka na kujigonga kwenye kioo. Chumba kiwashwe kwanza, kisha tangi.

La mwisho ni usalama, nalo tunalikazia. Maji na umeme havipatani. Nunua taa iliyoandikwa IP65 au IP67, maana yake imezibwa dhidi ya maji. Waya wake ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia ndani yake, ili tone la maji linaloteremka na waya lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye soketi. Tangi lifunikwe kwa kioo, na kabla ya mkono kuingia majini plagi ichomolewe. Hilo mtoto afundishwe siku ya kwanza, kabla hajapewa kazi ya kulisha. Na meza iwe madhubuti: lita 200 za maji ni kilo 200, bila mawe na kioo.

Neno kwa baba na mama

Tunarudi kwenye lile neno la mwisho la barua. Kufuga kwa ajili ya furaha ya watoto si haramu. Wanavyuoni wamelitolea dalili tukio la mtoto Abu Umayr, ambaye alikuwa na ndege wake mdogo wa kuchezea, na Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, hakumkataza, bali alizungumza naye kwa upole. Lakini tumepokea vilevile habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, kwa kuwa alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kiumbe aliyefungiwa hana njia ya kujitafutia. Mwenye kumfungia amebeba chakula chake, na kwa tumbawe mwanga nao ni chakula. Asiyeweza kumhakikishia mwanga huo kila siku, mwaka baada ya mwaka, hana ruhusa ya kumfungia kwa sababu tu anapendeza.

Kuhusu fedha, mama watoto ana haki, na hakuwa anapinga furaha ya mtu. Ametaja haja iliyotangulia: taa ya kusomea. Haitakuwa jambo jema nyumba moja iwe na wati 200 za kuwaangazia wanyama na isiwe na wati 5 za kumwangazia mtoto anayedurusu. Qur'an imetukataza israfu, na imewasifu waumini kwa kushauriana katika mambo yao. Basi na wakae washauriane, na watoto wawepo.

Sisi tunapendekeza utaratibu huu. Paneli na betri zitangulie, kama ilivyokusudiwa. Likizo ijayo, familia ifunge safari hadi Karema au Ikola, watoto wayaone maji yale yanavyokuwa mangavu juu ya mawe, wawaulize wavuvi habari za karabai na mbalamwezi. Wakirudi, waanze na tangi la lita 80, mchanga, makombe na taa ya wati 10. Watoto wagawane kazi: mmoja alishe, mmoja apime joto, mmoja aandike uniti zilizotumika kila Ijumaa. Baada ya mwaka mmoja, nyumba itajua yenyewe kama inaweza tangi kubwa zaidi.

Kwa njia hii baba atapata tangi lake, mama hatakuwa amepokonywa taa ya watoto, na samaki watakuwa wamepata mwanga unaowafaa. Na pale mgeni kutoka Dar es Salaam atakapoketi sebuleni na kuuliza samaki hawa wazuri wameagizwa nchi gani, mtoto wa nyumba atamjibu kwamba hawakuagizwa. Ni wa ziwa letu.

Wallahu a'lam.

Wiki ijayo, inshaallah, tutajibu maswali yaliyotufikia kuhusu watoto wanaopangishiwa vyumba karibu na shule za sekondari. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.